Eneo Chini ya Grafu: Hisabati ya Sekondari na Dozi Kamili ya Dawa ya Mseto

Utangulizi

Mgonjwa wa malaria aliyeanza dawa ya mseto (ALu) jana, na leo homa imeshuka na hamu ya chakula imerudi, huwa na swali la haki: vidonge vilivyobaki ni vya nini? Swali hilo huulizwa Bariadi mjini, na huulizwa Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Mara nyingi jibu analopewa ni fupi: "Maliza dozi." Jibu hilo ni sahihi, lakini halielezi. Mgonjwa asiyeelezwa sababu hujitungia ya kwake, na vidonge vilivyobaki huhifadhiwa kumsubiri mtoto atakayeugua mwezi ujao.

Makala hii inaeleza sababu hiyo kwa kutumia somo ambalo wengi wetu tulilisoma sekondari na kuliacha huko: kukadiria eneo lililo chini ya grafu. Kwa msomaji aliye mhudumu wa afya, lengo ni kumpa lugha nyepesi ya kumweleza mgonjwa. Kwa msomaji aliye mgonjwa au mzazi wa mgonjwa, lengo ni kumwonesha kile ambacho kila kidonge huongeza, na kile kinachopotea asipokimeza.

Eneo chini ya grafu lina maana gani?

Tuanze na barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, kando ya Ziwa Viktoria. Chukua basi linalokwenda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa katika nusu saa ya kwanza, kisha kilomita 80 kwa saa katika nusu saa ya pili. Tukichora grafu, muda ukiwa kwenye mhimili mlalo na mwendo kwenye mhimili wima, tutapata mistatili miwili iliyosimama bega kwa bega. Eneo la mstatili wa kwanza ni 60 mara 0.5, yaani 30. La pili ni 80 mara 0.5, yaani 40. Jumla ni 70, na hizo ndizo kilomita ambazo basi limekwenda.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Eneo hilo halipimwi kwa ekari wala kwa mita za mraba. Kizio chake hutokana na kuzidisha vizio vya mihimili miwili: kilomita kwa saa, mara saa, huwa kilomita. Kwa hiyo eneo chini ya grafu hujibu swali ambalo kimo cha grafu peke yake hakiwezi kulijibu. Kimo husema basi lilikuwa na mwendo gani kwa dakika fulani. Eneo husema, baada ya yote, limefika umbali gani.

Mistatili ni rahisi. Taabu huanza pale mstari wa grafu unapopinda, kwa sababu hakuna basi linaloruka ghafla kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, na hakuna dawa inayopanda na kushuka katika damu kwa mistari iliyonyooka.

Somo kutoka shambani

Mkulima wa pamba anajua taabu hiyo kwa namna yake. Kwa desturi iliyoenea nchini, ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70, yaani hatua za mraba 4,900. Shamba lenye pembe nne halina shida. Lakini upande mmoja wa shamba ukifuata korongo lililopinda, mtu atapimaje?

Njia ni kuligawa shamba katika vipande vyembamba. Tuseme upande ulionyooka, ulio kando ya njia, una urefu wa hatua 100. Mpimaji anatembea kwenye upande huo, na kila baada ya hatua 20 anasimama na kupima upana kutoka njiani hadi korongoni. Anapata hatua 40, 52, 60, 55, 44 na 30. Sasa ana vipande vitano, na kila kimoja kinakaribia umbo la trapeza, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni sambamba. Eneo la trapeza ni nusu ya jumla ya pande hizo mbili, mara umbali ulio kati yake. Kipande cha kwanza, kwa mfano, ni nusu ya 40 na 52, yaani 46, mara 20, sawa na hatua za mraba 920.

Vipande vinapokuwa na upana sawa, ipo njia ya mkato. Chukua nusu ya kipimo cha kwanza na nusu ya cha mwisho, jumlisha na vipimo vyote vya katikati, kisha zidisha kwa umbali wa kipande. Hapa nusu ya 40 na nusu ya 30 ni 35. Vipimo vya katikati ni 52, 60, 55 na 44, jumla 211. Tukijumlisha tunapata 246, na mara 20 ni 4,920. Shamba hilo ni ekari moja na chembe kidogo. Hiyo ndiyo kanuni ya trapeza, ambayo wanafunzi wa Hisabati ya kidato cha tano na sita huikuta pamoja na kanuni ya Simpson.

Kanuni kongwe iliyozaliwa mara ya pili

Kanuni hii ina umri mkubwa. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver alionesha, katika jarida la Science, kuwa wanajimu wa Babeli waliitumia katika vibao vya udongo vilivyoandikwa kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo. Walitaka kujua sayari ya Mshtarii imesogea umbali gani angani, nao wakakokotoa eneo la trapeza kutokana na mwendo na muda, kama tulivyofanya kwa basi la Lamadi.

Tabibu naye alifika hapohapo, kwa njia iliyozua mjadala. Mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha makala ya Mary Tai iliyoeleza namna ya kupata eneo chini ya grafu ya sukari ya damu kwa kuigawa katika mistatili na pembetatu. Wasomaji waliliandikia jarida wakieleza kuwa njia hiyo ni kanuni ya trapeza ijulikanayo tangu zamani. Wengi wameicheka habari hiyo, lakini ina funzo la maana zaidi ya kicheko: mtaalamu wa afya aliuhitaji ukweli uliokuwa tayari katika kitabu cha hisabati, na vitabu hivyo viwili havikuwa vimekutanishwa.

Grafu ya dawa katika damu

Sasa tuichore grafu ya dawa. Mhimili mlalo ni saa tangu mgonjwa alipomeza. Mhimili wima ni kiwango cha dawa katika damu. Eneo chini ya mstari hutuambia mwili, na vimelea vilivyomo, vimekutana na dawa kwa kiasi gani tangu mwanzo hadi mwisho. Madaktari wa saratani huitumia hesabu hiyo moja kwa moja: kwa dawa iitwayo kaboplatini, dozi hukokotolewa kwa fomula ya Calvert ya mwaka 1989, inayoanza na eneo linalotakiwa kisha kuangalia uwezo wa figo za mgonjwa.

Dawa ya mseto ina viungo viwili: artemetha na lumefantrini. Artemetha huua vimelea kwa kasi, lakini kiwango chake hupungua kwa nusu katika muda wa saa mbili hivi. Lumefantrini hufanya kazi taratibu zaidi na hukaa mwilini kwa siku kadhaa, ikivimaliza vimelea vilivyosalia. Nayo ina tabia moja muhimu: huyeyuka vizuri katika mafuta, na ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu.

Tazama mfano ufuatao wa watu wawili waliomeza dozi moja iliyo sawa. Tarakimu zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Hazikutoka kwa mgonjwa yeyote.

Aliyekula kwanza: saa ya 0, kiwango 0, saa ya 4, kiwango 4, saa ya 8, kiwango 8, saa ya 12, kiwango 6, saa ya 24, kiwango 3.

Asiyekula: saa ya 0, kiwango 0, saa ya 4, kiwango 1, saa ya 8, kiwango 2, saa ya 12, kiwango 1.5, saa ya 24, kiwango 0.5.

Vipande havina upana sawa, kwa hiyo tunakokotoa kimoja kimoja. Kwa aliyekula, kipande cha kwanza ni nusu ya 0 na 4, mara saa 4, sawa na 8. Cha pili ni 24, cha tatu ni 28, na cha nne, chenye upana wa saa 12, ni 54. Jumla ni 114. Kwa asiyekula vipande ni 2, 6, 7 na 12, jumla 27. Vidonge vilikuwa vilevile, lakini eneo la mmoja ni zaidi ya mara nne ya eneo la mwenzake.

Katika maisha halisi tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko huo mfano wetu. Kwa watu wazima wenye afya waliojitolea katika utafiti, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyoingia katika damu kwa takriban mara 16. Habari njema ni kwamba mafuta mengi hivyo hayahitajiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa mililita 36 za maziwa ya soya, zenye takriban gramu 1.2 za mafuta, zilitosha kuleta asilimia 90 ya faida yote ya mafuta, na kipimo walichotumia watafiti hao ni hilihili eneo chini ya grafu. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kwa kawaida yana mafuta ya asilimia 3 hadi 4, yanatosha kwa kikombe kidogo. Mkoa wa Simiyu una ng'ombe na una karanga. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, michembe iliyopikwa kwa karanga, au mboga iliyoungwa kwa karanga au mafuta, vyote vinaweza kufanya kazi hiyo. Mtoto anayenyonya anayo maziwa ya mama.

Kwa nini siku tatu?

Wapo wanaokumbuka dawa iliyotangulia, SP, iliyokuwa ikimezwa mara moja tu. Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania Bara iliiweka ALu mahali pake kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, na dozi ikawa ya mara sita katika siku tatu. Kumbukumbu ya ile ya mara moja bado inawashawishi watu kuona siku tatu kuwa ni nyingi.

Tuchore tena, safari hii kwa siku badala ya saa. Mgonjwa wa kwanza amemeza dozi zote sita. Kiwango chake cha lumefantrini, kwa tarakimu za mfano, kuanzia siku ya 0 hadi ya 7, ni 0, 3, 6, 8, 5, 4, 3 na 2. Kwa njia ya mkato: nusu ya 0 na nusu ya 2 ni 1, jumla ya vya katikati ni 29, upana wa kipande ni siku 1. Eneo ni 30.

Mgonjwa wa pili amemeza dozi tatu, akajisikia vizuri, akaacha. Viwango vyake ni 0, 3, 4, 3, 2, 1.5, 1 na 0.5. Nusu za mwanzo na mwisho ni 0.25, vya katikati ni 14.5, na eneo ni 14.75, yaani chini kidogo ya nusu ya eneo la mwenzake.

Ukitazama siku ya kwanza, wagonjwa hawa wawili hawana tofauti. Wote wana kiwango 3, na wote huenda homa imeshuka, kwa kuwa artemetha imeua vimelea wengi tayari. Tofauti imejificha upande wa kulia wa grafu, katika siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Huko ndiko vimelea wachache waliosalia hukutana na lumefantrini ya kutosha wakaisha, au isiyotosha wakaanza kuongezeka tena. Homa inayorudi baada ya wiki mbili au tatu, ambayo mgonjwa huiita malaria mpya, wakati mwingine ni ile ya kwanza ambayo haikumalizwa.

Mipaka ya makadirio

Kanuni ya trapeza hukadiria tu, na anayeitumia ajue inapokosea. Kosa la kwanza hutokana na vipimo vichache. Tungempima yule aliyekula katika saa ya 0, ya 12 na ya 24 pekee, tungepata 36 na 54, jumla 90 badala ya 114. Kilele cha saa ya 8 kingepotea, na pamoja nacho sehemu ya tano hivi ya eneo. Kosa la pili hutokana na umbo la mstari. Dawa inaposhuka hushuka haraka mwanzoni kisha polepole, hivyo mstari wake hulegea kuelekea chini. Upande wa juu wa trapeza ulionyooka hupita juu ya mstari huo, na makadirio yanazidi kidogo. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: vipande vyembamba zaidi, hasa pale mstari unapopinda sana.

Lakini kila kipande ni sindano moja ya kutoa damu, na hakuna mzazi atakayekubali mtoto wake achomwe mara kumi na mbili. Ndiyo maana watafiti wa malaria mara nyingi hupima lumefantrini mara moja, siku ya 7, na kulinganisha na kiwango cha nanogramu 200 kwa mililita. Kipimo hicho kimoja hutumika kama mwakilishi wa eneo lote, kwa sababu aliye na mkia mrefu wa grafu kwa kawaida alikuwa na eneo kubwa. Katika mfano wetu, siku ya 7 mmoja ana 2 na mwingine 0.5.

Kwa nini jambo hili ni la haraka sasa

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mkoani Kagera, watafiti wa Tanzania wamethibitisha kuwapo kwa vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kundi ambalo artemetha ni mmojawapo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Usugu wa kiasi maana yake ni kwamba vimelea huondoka katika damu polepole kuliko kawaida. Haimaanishi kwamba dawa ya mseto imeacha kuponya. Lakini kiungo cha kasi kinapopunguza kasi, mzigo unaobaki huhamia kwa kiungo cha pili. Eneo la lumefantrini, ambalo jana lilikuwa akiba, leo linakuwa tegemeo. Nusu dozi huwapa vimelea nafasi ya kukutana na dawa bila kuuawa nayo, na hiyo ndiyo shule ya usugu.

Mambo ya kutenda

Kwa mhudumu wa afya:

Pima malaria kabla ya kutoa dawa, na mpime mgonjwa uzito. Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Kilo 35 na kuendelea, vidonge 4, ambavyo kwa dozi sita ni 24.

Eleza saa kwa maneno ya mgonjwa. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Anayeanza saa 8 mchana ameze ya pili saa 4 usiku.

Uliza dawa nyingine anazotumia. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, hupunguza sana viwango vya artemetha na lumefantrini. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi, nazo hupunguza lumefantrini. Wagonjwa hao, pamoja na wajawazito, ambao kiwango chao cha lumefantrini huweza kuwa chini, wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Chora. Mlima mmoja kwenye karatasi, na mstari wa wima unaokata nusu yake ya kulia, humweleza mgonjwa haraka kuliko hotuba.

Kwa mgonjwa na mzazi:

Meza kila dozi pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta kidogo. Ukishindwa kula kwa sababu ya kichefuchefu, usiache dawa; meza, kisha kula mara tu uwezapo.

Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni uelekezwe namna ya kurudia dozi hiyo na upewe vidonge vya kufidia, maana kipande hicho cha grafu hakikujengwa.

Usimgawie mwingine vidonge vyako. Nusu dozi kwa watu wawili haijengi eneo linalotosha kwa yeyote.

Mgonjwa akipata degedege, akipoteza fahamu, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu au akipumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya mara moja. Malaria kali haitibiwi kwa vidonge vya nyumbani.

Hitimisho

Kimo cha grafu hueleza hali ya mgonjwa kwa saa moja, na nafuu ya siku ya pili ni kimo cha namna hiyo. Uponyaji hutegemea eneo lote, linalojengwa kipande kwa kipande: dozi ya asubuhi, dozi ya jioni, kikombe cha maziwa pembeni. Mgonjwa anayeuliza vidonge vilivyobaki ni vya nini aelezwe kwamba ndivyo vinavyobeba upande wa kulia wa grafu, ambako malaria humalizwa.